Shamba la Mwaka Mzima

Juzi nilikuwa natoka kazini hapa Kitale, nikakuta mtu ameanika maharagwe kwenye turubai kando ya barabara. Yalikuwa bado kwenye maganda, yameng'olewa na mizizi yake yote, udongo mwekundu umeshikamana nayo. Manyunyu yalikuwa yameanza, na mwenye mali, mwanamke wa makamo aliyejifunga leso kiunoni, alikuwa anakunja turubai upesi upesi peke yake. Nilishika upande wa pili nikamsaidia. Ndipo ile harufu ikanipata. Wale mliokulia huku kwetu mnaijua: harufu ya maganda makavu yaliyoguswa na maji, nusu vumbi, nusu majani, kama mkeka wa zamani uliotolewa nje. Tulipofika kwenye baraza la duka, yule mama alinishukuru, kisha akaniuliza kama kuna kitu kimeniingia jichoni. Nikamwambia ni vumbi.

Nyumbani kwetu ni Tongaren, upande wa Bungoma, lakini Baba alikuwa akifanya kazi huku Kitale. Aliendesha trekta kwenye shamba kubwa la mahindi, moja ya yale mashamba ambayo ukisimama mwanzoni huoni mwisho, na ndani yake huwezi kupata hata jani moja la kitu kingine. Alikuja nyumbani Jumamosi jioni na kuondoka Jumapili baada ya kanisa, na majira ya kulima yakifika tungeweza kukaa hata mwezi bila kumwona. Kwa hiyo shamba la nyumbani lilikuwa la Mama. Halikuwa kubwa. Lilianza nyuma ya jikoni likateremka hadi kwenye kijito, na Mama alilipanda kama wanawake wengine wa huko walivyopanda ya kwao: mahindi kwa mistari, maharagwe katikati yake, na maboga machache yakitambaa mahali palipobaki wazi.

Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza. Niliitwa Nafula kwa sababu nilizaliwa mvua ikinyesha. Wekesa, mtoto wa mavuno, alinifuata. Wa mwisho alikuwa Naliaka, aliyezaliwa wakati wa palizi, na katika siku ninazozisimulia ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kuunganisha maneno.

Mama alianza kuumwa tumbo kabla ya msimu ule. Mwanzoni alisema ni vidonda vya tumbo, akawa anakunywa maziwa na kuacha chai. Kisha alianza kukonda, lakini tumbo lenyewe likawa halikondi. Wanawake walipokutana naye njiani walimtazama tumboni, wakatabasamu, halafu wakamtazama usoni na lile tabasamu likakatika. Mimi nilidhani labda tutapata mtoto mwingine. Baba aliomba ruhusa kazini, akampeleka hospitali kubwa ya Eldoret, wakakaa huko siku nyingi. Sisi tulibaki na Mama Rasoa, jirani yetu na mwenzake Mama kanisani, mwanamke mrefu mwenye sauti nzito ambaye hakupenda maneno mengi.

Siku waliporudi nilikimbia hadi barabarani. Mama alishuka kwenye pikipiki polepole, Baba akimshika kiwiko. Alikuwa amevaa sweta ijapokuwa jua lilikuwa kali. Kitu cha kwanza nilichomwuliza ni kama amepona.

"Wamesema nirudi nyumbani," akajibu.

Nilifurahi mno. Katika akili yangu hospitali ilikuwa kama shule, hawakufungulii lango uende mpaka umemaliza. Niliwaambia watoto wote wa jirani kwamba Mama amepona, madaktari wamemruhusu. Mama alinisikia nikisema hivyo nje ya dirisha, hakunisahihisha. Mama Rasoa pia alisikia. Aliinuka akaingia jikoni, akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa, na alipotoka macho yalikuwa mekundu. Nikafikiri ni moshi.

Mvua zilipokaribia, Mama alianza kutafuta mbegu. Hakuwa na nguvu za kutembea mbali, basi alimtuma Mama Rasoa Kimilili siku ya soko, na Mama Rasoa akarudi amejaza kikapu: njugu, kunde, mbegu za maboga zilizofungwa kwenye kitambaa, maharagwe ya rangi tatu tofauti. Watu wa kanisani walileta mashina ya mihogo na miche ya nduma. Mtu mwingine alileta marundo ya mashina ya viazi vitamu, yaliyolazwa kwenye kivuli chembamba nyuma ya jikoni na kumwagiwa maji yasikauke. Sijawahi kuona mbegu nyingi hivyo katika boma letu. Mama alizipanga sakafuni kando ya kitanda, akawa anazihamisha kutoka fungu moja hadi jingine, akifikiri.

Jirani mwenye ng'ombe wa kulima alikuja akatulimia. Plau ilipotoka, Mama aliingia shambani. Hakuweza kuinama, kwa hiyo alikunja gunia, akalikalia, akawa anajisogeza juu ya udongo, anachimba kwa jembe ambalo Baba alikuwa amelikata mpini ukawa mfupi. Mimi nilimfuata na mkebe wa mbegu. Alikuwa akichimba, ananyoosha mkono bila kugeuka, nami namwekea mbegu kiganjani. Kiganja kilikuwa cha moto kila mara. Alipochoka tulikaa hapo hapo katikati ya shamba, na nilisikia pumzi yake ikipita kifuani kama mtu anayepandisha mlima.

Alipanda mahindi na maharagwe kama kawaida, lakini hakuishia hapo. Kunde alizitia kwenye nafasi ambazo miaka mingine tulizipitia tukienda kuchota maji. Maboga aliyazungusha kwenye kichuguu kile cha mchwa ambacho hakuna aliyewahi kupanda kitu juu yake. Njugu zikakaa upande wenye mchanga, viazi vitamu kwenye mteremko, nduma kwenye tope la kijito, na mihogo ikazunguka ukingo wote kama ua. Sehemu alizoshindwa kufika, alikaa pembeni akamwelekeza Mama Rasoa kwa kidole. Tulifanya hivyo siku nyingi. Nilikuwa natoka shuleni nakimbia, naogopa nitakuta wamepanda bila mimi.

Jumapili moja Baba alisimama nyuma ya jikoni, bado amevaa nguo za kanisani, akalitazama shamba. Yeye alikuwa mtu wa mashamba makubwa, alizoea mistari iliyonyooka.

"Sasa hii ni shamba gani?" akasema. "Imekuwa kama soko."

Alikuwa akitania. Mama hakugeuka. "Ndiyo, ni soko. Mtoto akitaka kitu, aingie tu achukue."

Baba alicheka, halafu akaacha kucheka ghafla, akaanza kukung'uta vumbi kwenye suruali ambayo haikuwa na vumbi.

"Hii mwaka," Mama akaendelea, kwa sauti ya kawaida kabisa, "sitaki mtoto wangu asimame kwa mlango ya mtu na bakuli."

Mimi niliyasikia hayo yote, nikayaelewa kwa namna yangu. Niliona kwamba Mama amepata nguvu mpya. Mgonjwa hapandi hivi, nilijiambia. Mgonjwa analala. Huyu mwenye kupanda mpaka kichuguu, bila shaka anapanga mambo makubwa. Kila mbegu niliyomwekea kiganjani niliihesabu kuwa ushahidi. Hata Wekesa alipomwuliza kama mihogo itakuwa tayari Krismasi, Mama alimjibu kwamba hapana, hiyo ni ya mwaka ujao, itakuja wakati sisi tumeshasahau kuwa iko. Nilifurahi kuliko Wekesa. Mama alikuwa anazungumza habari za mwaka ujao.

Kunde ndizo zilizotangulia. Mama Rasoa alichuma majani machanga, akayapika na magadi mpaka yakalainika, na Mama akala vijiko vichache akasema ni tamu. Sikumwona tena akila chakula kizima. Baada ya hapo hakutoka. Tulisogeza kitanda karibu na mlango wa nyuma ili aone nje, na kila nikitoka shuleni aliniuliza habari za shamba kama watu wanavyoulizana habari za ndugu walio mbali. Maharagwe yametoa maua? Maboga yameshika? Panya hajaingia kwenye njugu? Nilikuwa nakwenda kuangalia, narudi kumweleza, na nilipogundua kwamba habari nzuri zinamfurahisha, nilianza kuziongeza. Nilimwambia maua yamejaa kila mahali, meupe na ya zambarau, hata kabla hayajajaa. Alifumba macho akasema, "Asante, mama." Alikuwa ananiita hivyo, kwa sababu nilipewa pia jina la mama yake.

Alifariki mchana, nikiwa shuleni. Mama Rasoa ndiye aliyekuja kunichukua. Hakuniambia njiani. Alinishika mkono tu, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kushika watoto mikono, nilijua.

Walimzika pembezoni mwa shamba, mahali panapoonekana kutoka mlango wa nyuma. Ninachokikumbuka zaidi cha siku ile ni miguu. Watu walikuwa wengi, hema lilifungwa pale nyuma ya jikoni, na wale waliokosa nafasi walisimama ndani ya shamba lenyewe, juu ya njugu, juu ya kunde, kati ya mahindi yaliyokuwa yamenifika kifuani. Maharagwe yalikuwa yametoa maua kweli sasa. Mchungaji alipokuwa akiomba, mimi nilikuwa nazunguka nikiwasukuma watu miguuni, nikiwaambia wasogee, wanakanyaga. Mzee mmoja aliniambia kwa upole niache, mwili unashushwa. Nilimwambia Mama akiona atakasirika. Baba alikuja akanibeba, ingawa nilikuwa nimeshakuwa mkubwa wa kubebwa.

Siku chache baadaye watu wa ukoo waliketi. Dada yake Baba, ambaye kwetu shangazi tunamwita Senge, alikuwa amekuja kutoka Bungoma mjini, na yeye ndiye aliyezungumza zaidi. Nasema hivi bila kinyongo, kwa maana Senge alitupenda na alikuwa na haki ya kuogopa. Alisema kaka yake yuko Kitale na trekta wiki nzima, watoto hawa watakula nini, nani atawapikia. Yeye angemchukua Naliaka. Wekesa angeenda kwa watu wa Mama, kule juu mlimani, Cheptais. Mimi ningekuja Kitale kwa binamu yake Baba aliyekuwa na mtoto mchanga, nisome huku nikimsaidia. Baba alikaa na mikono katikati ya magoti. Hakukataa wala hakukubali. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni na Naliaka mapajani, na nilipomwona Baba hainui kichwa, nilimbana Naliaka mpaka akalia.

Mama Rasoa hakuwa wa ukoo. Alikuwa amekuja kuleta chai. Aliweka birika chini akaomba ruhusa aseme neno, akapewa.

"Kabla hamjagawa watoto," alisema, "naomba twende tutembee kwa shamba kidogo."

Watu walitazamana, lakini waliinuka. Nilimpa Wekesa mtoto, nikawafuata. Mama Rasoa alitangulia, anagusa mimea kwa mkono anapopita. Alisema maharagwe haya ni ya mwezi ujao. Njugu zitafuata. Yale maboga pale kwenye kichuguu yataiva pamoja na mahindi mabichi, na majani yake yataliwa hata leo. Mahindi yatakaa kwenye ghala mpaka mwisho wa mwaka. Yakipungua, viazi viko hapa kwenye mteremko, na nduma kule chini. Mihogo ni ya kiangazi, mpaka mvua irudi. Alipofika kwenye kaburi alisimama, na sisi sote tukasimama.

"Huyu mama alijua," alisema. "Alitoka Eldoret akaniambia, Mama Rasoa, mimi sina mwaka. Lakini watoto wangu nataka wawe nao. Nisaidie nipande. Akaniambia, nikienda watakuja kuwagawa kwa sababu ya chakula. Uwaonyeshe chakula."

Baba aliondoka pale akaenda hadi kijitoni, akasimama akitupa mgongo. Senge alijifunika uso kwa leso, akalia tofauti na alivyolia siku ya mazishi, bila sauti. Alipomaliza alisema sawa, watoto wakae.

"Wakae pamoja mpaka hii chakula iishe," alisema. "Halafu tutaketi tena."

Mimi nilikuwa nyuma ya mahindi. Niliyasikia maneno yote mawili, la Mama na la Senge, na yalinikaa tofauti. Kwa Mama nilikasirika. Sijui kama mtu mzima anaweza kukasirika vile. Nilikuwa nimembebea mkebe siku zote zile, kiganja chake kikiwa cha moto mkononi mwangu, na kila mbegu aliyoipokea alijua ni ya nini, na hakuniambia. Mimi nilikuwa nikihesabu anapona, yeye alikuwa akihesabu kitu kingine. Maharagwe yalipoiva na kupikwa mara ya kwanza, nilikataa kula. Nilisema yana ladha ya udongo. Wekesa alikula yake na yangu. Baba hakunilazimisha. Nilikaa na hasira yangu siku kadhaa, halafu njaa ikanishinda, nikayala yakiwa yamepoa, nimesimama kando ya jiko, na yalikuwa matamu kabisa, na hilo ndilo lililoniliza.

Neno la Senge nalo lilinikaa kama amri. Mpaka chakula kiishe. Sikuona kwamba ni maneno tu ya kufunga kikao. Nililiona kama mlango: chakula kikiisha, Naliaka anakwenda Bungoma, Wekesa anakwenda mlimani, na mimi nakuja Kitale kulea mtoto wa mtu. Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa wazi. Chakula kisiishe.

Baba aliacha trekta. Aliongea na mwenye shamba, akarudi nyumbani, akaanza kufanya kazi za kulimia watu hapo Tongaren kwa ng'ombe wa kuazima. Mapato yalipungua, na alikuwa anarudi amechoka kiasi cha kusinzia na kijiko mkononi, lakini alirudi kila siku. Alijifunza kupika ugali usio na madonge. Alijifunza kumsuka Naliaka, vibaya. Mama Rasoa alipita kila asubuhi. Na shamba likafanya alivyosema, kitu kimoja kikiisha kingine kikianza, kama kwamba kuna mtu ameketi mahali anatupakulia. Tulikula kunde, tukala maharagwe, tukakaanga njugu. Tulikula boga pamoja na mahindi ya kuchoma, midomo yetu ikawa myeusi. Watu walipita wakasema watoto wa marehemu wamenawiri. Mimi niliona tu kila kitu kinavyopungua.

Nilianza kula kidogo. Nilisema nimeshiba. Kipande changu cha kiazi nilikirudisha kwenye kapu wakati hakuna anayetazama, na mchana nikiwa shuleni nilikunywa maji ya mfereji nikawaambia wenzangu tumbo linaniuma. Sikumpunguzia Wekesa wala Naliaka, maana wao ndio niliokuwa nawalinda, lakini nilipewa kazi ya kupakua nami nikaitumia kujipunguzia mwenyewe. Mahindi kwenye ghala yalipofika nusu niliacha kulala vizuri. Viazi vilipokwisha nilichimbua tena mteremko mzima kwa mikono, nikapata vidogo kama vidole. Kiangazi kiliingia, nyasi zikawa za kahawia, na kilichobaki shambani ilikuwa mihogo tu, ile iliyozunguka ukingo. Baba alipotaka kuing'oa nilimwambia bado. Nilimwambia Mama alisema isubiri. Alinitazama, akaniamini.

Siku moja shuleni tulikuwa kwenye mistari asubuhi. Nakumbuka jua likiwa jeupe sana. Kisha nakumbuka niko kwenye kivuli, kichwa changu kiko kwenye mapaja ya mwalimu, na watoto wamesimama wananitazama. Walimtuma mtu amwite Baba kule alikokuwa akilima. Alikuja na vumbi hadi magotini, akanibeba mgongoni mpaka nyumbani, na njiani alinisogeza juu kila mara nilipoteleza, na nilihisi jinsi nilivyokuwa mwepesi kwake.

Alinikalisha nyuma ya jikoni, akanipa uji, akaniuliza kwa nini sili. Sikuwa na nguvu ya kutunga kitu. Nikamwambia kwamba chakula kikiisha watatugawa.

"Nani alikuambia hivyo?"

"Senge. Pale kwa kaburi. Alisema mpaka chakula iishe."

Baba alikuwa amechuchumaa mbele yangu. Aliketi chini kabisa, kwenye vumbi, kama mtu aliyesukumwa. Nilimwona akirudi nyuma katika miezi yote ile, akiona kila sahani niliyosema nimeshiba.

"Nafula," alisema, "nisikilize. Nyinyi ni watoto wangu chakula ikiwako na chakula isipokuwako. Hakuna mtu atakuja hapa kuchukua mtu. Mimi siku ile nilinyamaza kwa sababu sikuwa na maneno. Sasa ninayo."

Kisha akachukua jembe.

Senge alikuja baadaye mwaka ule, kama alivyosema, wakaketi, na Baba akazungumza, na mambo yakaishia hapo. Tulikulia Tongaren sote watatu. Baba hakuoa mpaka mimi nilipomaliza shule, na alipanda shamba lile kila msimu kwa jasho lake mwenyewe, mwaka mwingine likamjibu vizuri, mwaka mwingine likamnyima. Sikulala njaa tena kwa kutaka. Lakini mambo hayo yalikuja pole pole, kama mambo mengi ya maisha, na siwezi kusema siku yake. Siku ninayoweza kuisema ni ile ya mihogo.

Baba aliing'oa yote. Ilikuwa imekaa sana ardhini, mingine imekuwa migumu kama kuni, na alilazimika kuipasua kwa panga na kutupa ile isiyofaa. Iliyobaki ilijaza sufuria moja. Tuliichemsha kwa moto mkubwa, tukaketi nje sisi wanne, jua likiwa bado juu, mawingu ya kwanza ya mvua yakianza kukusanyika upande wa mlimani. Baba alinipakulia mimi kwanza, akasema kula. Nikala. Ilikuwa na ladha tamu kidogo mwanzoni, na katikati kulikuwa na nyuzi ambazo unazitafuna kisha unatema. Wekesa alikuwa anasimulia habari za shule. Hakuna aliyesema kwamba hiki ndicho kitu cha mwisho kutoka mkononi mwa Mama, lakini Baba alikuwa anatafuna polepole sana, na nilijua kwamba anajua.

Naliaka hakujua. Yeye alikuwa amekwisha kumsahau Mama, si kwa ubaya, alikuwa mdogo tu, sura ilikuwa imemtoka kabisa. Alimaliza sahani yake upesi akaisukuma mbele.

"Ongeza," akasema.

Baba alitazama ndani ya sufuria, ingawa alikuwa ameshaona.

"Imeisha, mama," akamwambia.

Mimi nilikuwa na kipande kimoja mkononi, nimekishika muda mrefu mpaka kikapoa, sijakitia kinywani. Nikampa. Alikichukua kwa mikono miwili, akakila chote akinitazama usoni, kisha akatafuta mahali pa kutemea nyuzi, na kwa kuwa hakupaona, akazitemea kwenye kiganja changu. Nikakifunga.